Kitalu cha chumbani, Himbi, Goma: miche imeota, kisha ikadumaa

Juni, wiki ya pili

Chumba cha nyuma ni kile kile: dirisha moja linalotazama mashariki, rafu ya mbao ya ngazi tatu, ampuli nyeupe za LED zilizoning'inizwa kwa nyaya, na betri inayochajiwa na paneli ya juu ya bati kwa saa ambazo umeme umekatika. Nyanya aina ya Roma ziko ngazi ya juu na ya kati, pilipili ngazi ya chini. Tunasia ndani, yaya (ndugu yangu mkubwa) na mimi, kwa sababu nje hakuna pa kusia. Ardhi ya parsele, kiwanja chetu, ni makoro, mawe ya volkano toka ukuta hadi ukuta, na udongo mweusi wa kujazia vikombe tunaununua kwa gunia, unaletwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Kuku wa jirani hawajui mpaka. Mvua ya Aprili nayo ikikuta mche mchanga nje inaulaza chini, na hauinuki tena. Kwa hiyo tunakaa chumbani, kwenye vikombe vya yogati vilivyotobolewa matako, mpaka mche upate nguvu ya kwenda kwa wateja wa yaya. Wengi wao ni akina mama wanaolima kwenye magunia na ndoo.

Tatizo lenyewe: mbegu tulizosia katikati ya Mei ziliota vizuri, karibu zote, zikafungua majani ya mbegu (yale mawili ya kwanza kabisa) kwa siku zile zile tulizozoea. Baada ya hapo zikasimama. Miche ya Aprili, katika umri huu, ilikuwa na majani manne ya kweli na shina la kushikika. Hii ya sasa ina mawili tu, madogo kama ukucha wa mtoto, na ncha changa imepauka, inaelekea njano.

Yaya alichungulia mara moja tu akakata kesi: "Iko na njaa tu. Utie mbolea." Mfuko wa mbolea ya dukani, 17-17-17, upo chini ya kitanda tangu msimu uliopita, ninajua unamwita.

Nimemwomba angoje. Mche wenye majani mawili hauli kiasi hicho. Majani ya mbegu yamebeba akiba ya kuuanzisha, na udongo tuliochanganya (udongo mweusi, mboji ya mwaka jana iliyochekechwa, changarawe ya makoro kwa ajili ya kupitisha maji) ndio ule ule uliokuza miche ya Aprili. Kitu kingine kimebadilika. Kazi ya shajara hii kuanzia leo ni kukisaka, na sharti ni moja: kwenye trei moja hatubadilishi mambo mawili kwa pamoja. Ukisogeza taa, ukatia mbolea na ukapunguza maji siku moja, mche ukipona hutajua nini kimeuponya, na mwezi ujao utarudi pale pale.

Jambo moja niliweke sawa mapema, maana yaya anazipima pilipili kwa kipimo cha nyanya. Nyanya hukaa kitaluni wiki nne hadi sita. Pilipili inaweza kuhitaji wiki nane au zaidi, na katika wiki za kwanza inaonekana kana kwamba imesahaulika. Pilipili kuchelewa si habari. Shahidi wetu ni nyanya.

Siku ya pili: mwanga

Nimeanza na mwanga kwa sababu ndio unaowaangusha wengi wanaootesha ndani. Dirisha likionekana lina mwanga mkubwa kwa jicho la mtu, kwa mche bado ni giza. Jicho letu linajirekebisha, jani halijirekebishi. Dirisha la mashariki linatupa asubuhi tu, na hapa karibu na ikweta mchana ni saa kumi na mbili hivi hata ufanye nini.

Lakini mche uliokosa mwanga una sura yake. Unarefuka. Shina linakuwa jeupe, jembamba, linainamia upande wa dirisha, na nafasi kati ya jani na jani inakuwa ndefu. Miche yetu ni mifupi. Imejikunja chini, haitafuti kitu juu. Hiyo peke yake ilitosha kunifanya nisiilaumu taa, ila nilipima hata hivyo. Nilizima taa ya chumba, nikaacha ampuli za rafu tu, nikaweka kiganja juu ya vikombe. Ngazi ya juu na ya kati, kivuli cha vidole kilitoka kikali, kingo zinaonekana. Ngazi ya chini kilikuwa ukungu tu.

Kule chini mtu alikuwa ameipandisha ampuli ili apitishe ndoo, ikabaki sentimita arobaini juu ya vikombe. Ampuli ndogo ukiipeleka mbali mara mbili, mwanga unaofika haupungui nusu, unabaki karibu robo. Nimeishusha hadi sentimita kumi na tano. LED haichomi kama zile ampuli za zamani za waya, kwa hiyo inaweza kukaa karibu. Ukiweka mkono pale jani lilipo na ukahisi joto, ndipo umezidisha. Taa zinakaa saa kumi na tano kwa siku, halafu giza. Nimeulizwa na kijana wa jirani kama hatuhitaji zile taa za zambarau zinazouzwa kwa bei ya mbuzi. Kwa miche ya wiki sita, ampuli nyeupe ya nyumbani inatosha.

Pilipili zitafaidika. Nyanya hazikuwa na shida hii.

Siku chache baadaye: baridi

Kiangazi cha Goma kina mchezo wake. Mchana jua, vumbi, watu wanasema joto. Usiku mbingu haina mawingu, na kwenye kimo cha mita 1,500 hivi joto lote linapanda juu likapotea. Nimechomeka kipimajoto cha friji ndani ya udongo wa kikombe saa kumi na mbili asubuhi: nyuzi 17 ngazi ya juu, 15 kwenye trei iliyokuwa imewekwa sakafuni kwa kukosa nafasi. Simenti inanyonya joto usiku kucha.

Nyanya ikiwa kwenye udongo wa nyuzi 15 haifi, inazembea. Pilipili ndiyo inayonuna hasa. Mbegu yake inataka nyuzi 25 hadi 30 ili iote kwa haraka. Baridi ina alama nyingine ya kutazama: geuza jani. Mizizi ikipoa inashindwa kuvuta fosforasi hata kama imo udongoni, na upande wa chini wa jani la nyanya unageuka zambarau. Udongo wetu wa majivu ya volkano una tabia ya kuishika fosforasi kwa nguvu hata bila baridi, kwa hiyo nilitegemea kuona zambarau nyingi. Niliiona kwenye trei ya sakafuni tu. Kwenye trei za rafuni upande wa chini wa majani ulikuwa wa kijani, na bado zimedumaa.

Trei ya sakafuni imepandishwa juu ya mbao na kipande cha sponji cha kasha la televisheni. Baada ya siku tano zambarau ilianza kufifia kwenye majani mapya. Urefu, hapana.

Hapa lazima niandike jambo la mbabula, jiko letu la mkaa. Yaya, aliposikia neno baridi, akaingiza mbabula yenye makala (makaa) chumbani usiku, mlango umefungwa, ili miche ipate joto. Nilikuta asubuhi. Nyumba hiyo watoto wanalala chumba kinachofuata. Makala yanayokufia ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na hakuna mche wa nyanya wenye thamani hiyo. Mbabula imetoka na haitarudi.

Hata kwa miche yenyewe ilikuwa hasara. Siku ya pili majani yaliinamia chini kama mabawa ya kuku aliyelowa, ilhali udongo una maji ya kutosha na shina limesimama. Hiyo si kiu. Moshi wa makala una ethilini, na nyanya ni mwepesi mno kuihisi: kiasi kidogo tu kinakunja vikonyo. Ndizi zinazoiva zinatoa gesi hiyo hiyo. Nikageuka nikatazama kona: mikungu miwili ya ndizi chini ya gunia, inaiva. Tumeihamishia jikoni. Majani yaliinuka tena siku mbili tatu baadaye, lakini kudumaa kulikuwapo kabla ya ndizi na kabla ya mbabula, kwa hiyo msako unaendelea.

Mwisho wa Juni: mizizi

Nimeng'oa mche mmoja wa nyanya kwa mpini wa kijiko, nikausuuza kwenye bakuli. Kila anayeniuliza kuhusu mche mgonjwa ananionyesha picha ya majani. Majani yanaleta taarifa kwa kuchelewa. Mizizi ndiyo yenye habari ya leo.

Mzizi mzima ni mweupe, una vinyweleo vinavyoshika punje za udongo, na unaukuta umeshafika ukutani mwa kikombe. Huu wetu ulikuwa mfupi, umejipinda katikati, na ncha zake zimegeuka kahawia kama zilizounguzwa. Haukuwa na ute. Udongo haukunuka. Nasema hivyo kwa sababu mshtakiwa wa kwanza wa mizizi ya kahawia huwa ni maji mengi: udongo ukijaa maji hewa inakosekana, mizizi inaoza, unavuta kikombe puani unapata harufu ya kinamasi, na vijinzi vidogo vyeusi vinaruka ukigusa trei. Hapa havimo. Na yaya hamwagilii kwa ratiba, anamwagilia kwa uzito: anainua kikombe, kikiwa chepesi anatia, kikiwa kizito anakiacha. Hakuna kifaa kinachomshinda mkono huo.

Kuhusu njano nimeangalia inaanzia wapi. Njaa ya naitrojeni huanza kwenye majani ya zamani, kwa sababu mche unanyang'anya chini ili ulishe juu. Kwetu majani ya zamani ni ya kijani na machanga ndiyo ya njano, tena njano yenye mishipa ya kijani, kama ramani ya mito. Hiyo ni alama ya chuma. Chuma hakihami kutoka jani la zamani kwenda jipya, kwa hiyo kikikosekana jipya ndilo linaloumia. Na udongo wa volkano una chuma tele. Kwa hiyo chuma kipo na mche haukipati. Kinachofunga chuma hivyo, mara nyingi, ni udongo kuwa na tabia ya magadi.

Kisha nikaona ukingo wa vikombe. Juu ya udongo na kuzunguka mdomo wa plastiki kulikuwa na kigaga cheupe, chembamba, kinachopasuka ukikigusa. Vikombe vya Aprili, ambavyo bado vimerundikwa nje ya mlango, havina. Nilikwaruza kidogo kwa ukucha, nikaonja. Chumvi yenye uchungu na utelezi wa magadi.

Nilikwenda jikoni nikafunua birika la chai. Kigaga kile kile, ndani.

Siku iliyofuata: maji

Aprili tulikuwa tunachota kwenye pipa la mvua chini ya bati. Mvua ilipokatika mwisho wa Mei pipa likakauka, na tangu hapo tunatumia maji ya bidoni (madumu), yale ya ziwa. Ni vivyo hivyo kwa karibu kila mtu mjini. Goma haina mito ya kuchota: mvua ikinyesha inazama ndani ya makoro, inapotea. Maji ya bomba yanavutwa kutoka Ziwa Kivu, na bomba likinyamaza watu wanashuka wenyewe na bidoni hadi ufukwe wa Kituku.

Maji ya Kivu si ya chumvi ya bahari na mtu anaweza kuishi miaka akiyatumia bila kuwaza chumvi yake. Lakini ni maji ya volkano. Yana bikabonati nyingi (chumvi yenye magadi), magnesi, sodiamu na potasiamu, na pH (kipimo cha asidi na magadi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni magadi) ya maji ya juu juu ya ziwa iko karibu na 9, wakati mche wa nyanya unataka udongo wa 6 hadi 6.8. (Watu wa nje wakisikia Kivu wanauliza gesi ya methani iliyo kilindini. Hiyo haifiki kwenye kikombe cha yogati. Kinachofika ni magadi.)

pH peke yake isingekuwa ugomvi mkubwa. Ugomvi ni bikabonati. Udongo kidogo wa kikombe hauna nguvu ya kushindana nayo. Kila ukimwagilia unaongeza, maji yanapaa hewani, chumvi inabaki, na kesho unaongeza tena. Kwenye shamba la nje mvua inakuja kuosha. Chumbani hakuna mvua. Baada ya wiki mbili tatu pH ya udongo imepanda, chuma na zinki na fosforasi vimefungwa, na ncha za mizizi zinakutana na chumvi pande zote.

Yaya hakushawishika. Yeye ana mtuhumiwa wake: dawa. Pale ufukweni kuna watu wanaotia klorini kwenye bidoni kwa ajili ya kipindupindu, na kwa maoni yake dawa inayoua mdudu itaua na mche. Si wazo la kipuuzi, linastahili trei yake.

Sina kipima pH. Nilichemsha maua makavu ya bisapu (rozela, yale ya kinywaji chekundu), ambayo rangi yake hugeuka kwa asidi na kwa magadi, nikaacha ipoe, nikagawa kwenye glasi. Ukitia ndimu inabaki nyekundu ya kung'aa. Nilitia maji ya mvua niliyoomba kwa mzee wa parsele ya pili: nyekundu iliyofifia, basi. Nilitia maji ya bidoni: ikageuka zambarau, halafu kijivu chenye ukijani, mbele ya macho ya yaya. Alishika glasi, akaigeuza, akasema: "Na hii ndiyo tunapikia chai?" Nikamwambia ndiyo, na tumekunywa miaka yote. Mtu ana tumbo lenye asidi. Mche hauna.

Mwanzo wa Julai: trei

Nyanya za umri mmoja, udongo mmoja, rafu moja ya kati, taa moja. Kinachotofautiana ni maji. Yaya ameandika kwa mkaa ubavuni mwa kila trei.

MVUA: maji ya mvua tu. ZIWA: maji ya bidoni moja kwa moja. DAWA: maji ya bidoni yaliyolazwa kwenye beseni wazi usiku kucha ili klorini iondoke. MBOLEA: maji ya ziwa na 17-17-17, kijiko cha chai kwenye lita tano, hii ni ya yaya na nimemwachia. NDIMU: maji ya ziwa yaliyotiwa maji ya ndimu, kama kijiko kikubwa kimoja kwa lita, mpaka bisapu ikatae kugeuka kijivu. Ukitia ndimu, vipovu vidogo vinapanda kandokando ya ndoo. Hiyo ni bikabonati inavunjika na kutoka kama hewa.

Kabla ya kuanza, trei ya MVUA na ya NDIMU zimeoshwa kwanza: maji mengi ya aina yake yamepitishwa kwenye kila kikombe mpaka yatoke chini kwa wingi, halafu vikombe vimeachwa vichuruzike. Bila hivyo ungetia maji mazuri juu ya chumvi ya mwezi mzima.

Trei zilizobaki za kuuza tumezimwagilia maji ya mvua pia, kadiri tulivyopata.

Julai, katikati

MBOLEA ndiyo ilisema mapema. Kingo za majani zikakauka kuanzia nchani, kahawia, kana kwamba zimepitishwa kwenye moto, na miche kadhaa ililala mchana hata udongo ukiwa na maji. Mbolea ya dukani nayo ni chumvi. Ukiiongeza juu ya chumvi ya ziwa, maji yanavutwa kutoka kwenye mzizi badala ya kuingia. Yaya aliikagua trei yake kwa kimya kirefu kisha akasema mfuko ule ulikuwa wa zamani. Sawa.

DAWA na ZIWA hazina tofauti ninayoweza kuiona. Zote zimedumaa vilevile, njano ile ile yenye mishipa. Klorini ya kipimo kile cha ufukweni haina hatia, na ningeomba mtu yeyote anayesoma asiache kuitia kwenye maji ya kunywa kwa kuihurumia nyanya.

MVUA: jani jipya la kwanza lilitoka bado limepauka, la pili likatoka kijani. Majani yale ya njano ya awali hayakurudi vizuri, na hayarudi. Usiyatazame hayo, tazama yanayozaliwa. Nimeng'oa mche mmoja: nyuma ya ncha za kahawia yamechipuka matawi meupe. Shina limeanza kuwa na vinyweleo na rangi ya zambarau kidogo chini, ile ya afya. Sasa ukisugua jani linanuka nyanya. Zile za ZIWA hazinuki karibu chochote.

NDIMU iko katikati. Kijani kimerudi, karibu sawa na MVUA, ila kimo kimebaki nyuma. Ina maana: ndimu inavunja bikabonati, lakini sodiamu na magnesi hazina pa kwenda, zimo tu. Tena ndimu ina sukari kidogo, na juu ya udongo umeota ukungu mweupe. Tumekwaruza juu, tumenyunyiza changarawe kavu, umepungua. Kwa kumwokoa mtu asiye na tone la mvua ndimu inafaa. Kwa kuendesha kitalu kizima kiangazi chote, ningeogopa bei yake na ukungu wake.

Nimeongeza trei moja: nusu mvua nusu ziwa, na ndimu kidogo. Kwa sasa ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu ya hesabu inayofuata.

Siku ya kujadiliana na mzee

Mzee wa parsele ya pili ana tanki kubwa la plastiki linalokusanya bati zote mbili. Nilimwendea na adabu zangu zote, shikamoo na habari za nyumba. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, maji ya mvua ni ya watoto, si ya majani."

Nikamweleza kiasi. Kikombe cha yogati kinakunywa mililita 25 hivi kwa mara moja. Vikombe mia mbili ni lita tano. Katika chumba chenye kivuli tunamwagilia siku moja, tunaruka moja. Kwa hiyo bidoni moja ya lita 20 inabeba kitalu chote kwa siku nane, na tukichanganya nusu kwa nusu, siku kumi na sita. Alidhani ningeomba tanki. Tumepatana bidoni moja kila wiki mbili, naye atapata miche ishirini ya nyanya na kumi ya pilipili, aichague yeye mwenyewe.

Alinionya jambo ambalo vijana wa hapa wengi hawalitilii maanani: mvua ya kwanza baada ya kiangazi haingii tankini mwake, anageuza bomba imwagike nje hadi bati lioge. Kuna vumbi na mavi ya ndege, na kuna Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Moshi wa mlima una salfa, klorini na florini, na mvua ikiupitia inashuka na asidi. Upepo mara nyingi unaupeleka magharibi, kuelekea Rusayo na Sake, kwa hiyo huku kandokando ya ziwa tunaponea kiasi. Kwa mche, asidi kidogo ni heri, hasa ukiichanganya na maji ya ziwa yenye magadi: moja inapunguza makali ya jingine. Kwa meno ya watoto florini ni jambo jingine, na ndiyo maana bisapu yangu haiwezi kutumika kuamua maji ya kunywa. Inaonyesha asidi na magadi tu. Florini haioni.

Mwisho wa Julai

Nyanya za trei ya MVUA na za mchanganyiko zina majani manne na matano. Zimeanza kuzoeshwa nje: saa moja kivulini asubuhi, kesho saa mbili, hadi zishinde kutwa. Tunazipa sasa mboji iliyolowekwa na kuchujwa, nyembamba kama chai ya mkandaa, mara moja kwa wiki. Njaa ya kweli inaanza hapa, mche ukiwa na mizizi ya kulia. Yaya anafurahi kwamba hatimaye kuna mtu anatia mbolea.

Trei ya ZIWA hatukuitupa. Tumeiosha kwa maji ya mchanganyiko, nusu ya miche imeitikia, nusu imebaki vibete. Vibete haviuzwi. Mche uliodumaa utotoni utazaa, lakini utachelewa na utazaa kidogo, na mama aliyelipia hatarudi.

Mteja mmoja ameuliza kama basi aache kumwagilia magunia yake kwa maji ya ziwa. Hapana. Gunia lina udongo mwingi, mizizi mirefu, na Septemba mvua italiosha. Ampe mche wiki mbili za kwanza maji bora aliyonayo, amwagilie kwa wingi mara chache badala ya kidogo kidogo kila siku, na akiona kigaga cheupe juu apitishe maji mengi hadi yatoke chini.

Kwa msimu wa Septemba, pilipili zinasiwa wiki hii na nyanya wiki ya kwanza ya Agosti, zikutane na mvua zikiwa tayari. Trei za pilipili zinakaa ngazi ya juu safari hii, ambako usiku kuna nyuzi mbili zaidi kuliko sakafuni, na ampuli imefungwa kwa waya mfupi ili asiipandishe mtu tena. Vikombe vyote vya zamani vimesuguliwa kwa siki na brashi. Bidoni ya mvua imefichwa nyuma ya mlango, na yaya ameandika juu yake kwa herufi kubwa: SI YA CHAI.